Mkono Usioachia

Asubuhi hiyo Ambakisye aliamka na hamu ya kunywa uji kwa mkono wake mwenyewe.

"Leo kikombe nakishika mimi," alimwambia mkewe. "Umeninywesha kama ndama, inatosha."

Atuganile alicheka, akamwekea kikombe cha bati kiganjani na kuvifunga vidole vyake kimoja baada ya kingine. Kisha akageukia pazia la kitenge lililokigawa chumba mapande mawili. Upande wa pili alikaa baba mkwe wake, na pamoja naye Subilaga, dada yake Ambakisye. Mvua ya Tukuyu, ambayo haijui kuchoka, ilikuwa inalitwanga bati, ikabidi apaze sauti.

"Wifi, mko tayari huko?"

"Tayari. Baba ameegemea mto, mkono uko mezani."

"Mshike nyuma ya mkono, juu kidogo ya kiwiko. Usimwachie mpaka niseme."

"Nimeshamshika, wifi. Endeleeni."

"Haya, Baba Tusekile," akamgeukia mumewe. "Kunja taratibu."

Ambakisye alikikazia macho kikombe. Msuli wa mbele wa mkono ukatuna. Kiwiko kikakunjika kidogo, kikakwama. Kikakunjika tena, kikakwama, kikashtuka, na uji wote ukamwagikia kifuani.

"Aa! Na nilikuwa nimekaribia," alisema, akijaribu kucheka.

Atuganile hakucheka tena. Siku chache tu nyuma mkono huo ulikuwa ukipanda vizuri, bila mshtuko wowote. Alimfuta mumewe uji kwa pindo la khanga, na huku akifuta akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wifi, huko inalegea?"

Nyuma ya pazia kiti kikakwaruza sakafu.

"Inalegea," Subilaga akajibu.

Zamani, kabla vyuo havijafungwa, Atuganile alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake somo la kwanza kwa sentensi moja: msuli hausukumi. Wanafunzi walikuwa wakibisha, wanasukuma meza ili kumwonyesha, naye anawaacha wasukume mpaka wachoke. Kisha anawaambia kwamba msuli unajua kazi moja tu, kuvuta, na ndiyo maana kila kiungo kimepewa misuli inayopingana. Wa mbele ya mkono unavuta, kiwiko kinakunjika. Wa nyuma unavuta, kiwiko kinanyooka. Lakini ili wa mbele ufanikiwe, wa nyuma lazima uachie, tena usiachie kwa mkupuo, bali kidogo kidogo, kama mtu anayeshusha gogo kwa kamba. Wakati huohuo misuli mingine midogo inasaidia ili kiganja kisipinduke, na ile ya bega inashikilia shina la mkono lisiyumbe. Kunywa uji tu, alikuwa akiwaambia, ni kazi ya kijiji kizima, na mtu mmoja akigoma hakuna anayekunywa.

Homa ya mkakamao ilipokuja ndipo watu walipolielewa somo hilo pasipo kwenda chuoni. Homa ilidumu siku chache, ikashuka, mgonjwa akashukuru Mungu. Halafu asubuhi moja akajaribu kukunja mkono, mkono ukakataa. Nguvu za kuvuta zilikuwa zote zipo. Kilichokuwa kimeungua ni ile amri ndogo inayotoka katika uti wa mgongo kwenda kuuambia msuli pinzani, achia. Bila amri hiyo msuli wa mbele na wa nyuma ilivutana mpaka kano zikachanika. Baada ya mikono ikaja miguu, baada ya miguu ikaja taya, na mwisho kifua. Kifua nacho ni misuli ya kuvuta hewa na misuli ya kuitoa, na yote ikivuta kwa pamoja, mtu anakufa akiwa na akili zake timamu, macho yamemtoka.

Hapo ndipo Atuganile na wenzake walipobuni nira. Kola mbili, moja shingoni kwa mgonjwa na nyingine kwa mtu mzima wa afya. Mgonjwa anakusudia kukunja mkono. Kusudio linarushwa kwenda kwenye uti wa mgongo wa yule mzima. Uti ule unatoa amri ya kuachia, kwa msuli wake wenyewe. Na amri hiyohiyo inanaswa na kurudishwa kwa mgonjwa. Walijaribu kuirekodi amri na kuihifadhi, wakararua mikono ya watu. Kiungo kinabadilika kila chembe ya wakati, na amri ya jana haiujui uzito wa leo. Ilihitajika amri hai, kutoka kwa mtu hai, tena wa damu moja na mgonjwa. Atuganile alikuwa wa kwanza kujivika nira kwa ajili ya mumewe. Amri yake ilichelewa kufika, kidogo sana, na kano ya bega la kushoto la Ambakisye ikakatika mbele ya macho yake. Mapenzi hayakusaidia kitu.

Basi akavikwa baba mkwe.

Kwa hiyo kila Ambakisye alipokunja mkono, nyuma ya pazia mkono wa baba yake ulilegea. Kila alipopumua, walipumua wote. Hata kuzungumza kulikuwa kwa zamu, maana taya ni kiungo kama kiwiko, na mzee akiitumia amri ya taya kwa maneno yake mwenyewe, ya kumwazima mwanawe haibaki. Ambakisye alipenda kutania kwamba serikali ingewavika nira baba na wana wote wa Busokelo, angalau watu wangeacha kukatizana kwenye vikao.

* * *

Atuganile alihamia kwenye mtambo uliokuwa juu ya kabati, akawasha kioo. Mistari miwili ilikuwa ikipanda na kushuka pamoja, wa juu wa mumewe na wa chini wa baba mkwe. Amri ya kuachia ilikuwa ikitoka kwa mzee bila kasoro. Akabadilisha waya. Akaifuta kola ya Ambakisye kwa spiriti, akaifunga upya.

"Unatafuta nini?" Ambakisye aliuliza.

"Nadhani kuna unyevu kwenye kola. Hii mvua yenu."

"Mvua yetu," alisema mumewe. "Ukiolewa Tukuyu umeolewa na mvua. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

"Uso wangu ndivyo ulivyo."

"Mama Tusekile."

"Nakusikia."

"Unakumbuka uliniapia."

Alikumbuka, angesahauje? Siku ya kuvikwa nira Ambakisye alikataa kuinua shingo mpaka mkewe aape. Siku mkono wa mzee ukianza kukaza, aliambiwa, unanivua. Huniulizi, humwulizi yeye, unanivua. Atuganile aliapa upesi, kama mtu anavyoahidi lolote mbele ya daktari, kwa sababu alitaka shingo ile iinuke.

Tena haikuwa ahadi ya nyumbani tu. Ilikuwa kanuni, na kanuni aliiandika yeye. Nira ilikuwa na dhambi yake. Mvuto wa mgonjwa haukai kwa mgonjwa. Unapenya polepole kurudi kwa yule anayemwazima, na siku moja amri inatoka kwake lakini msuli wake wenyewe hautii tena, na kwa kuwa kiungo chake kimekwama, cha mgonjwa nacho kinaanza kushtuka. Akivuliwa mapema, anabaki na mikono mizito, lakini anaishi. Akichelewa, ugumu unapanda mpaka kifuani, na siku kifua chake kikifunga, cha mgonjwa kinafunga saa hiyohiyo. Mtambo hauwezi kuona jambo hilo, maana mtambo unasoma amri, hausomi utii. Linaonekana kwa mkono tu. Ndiyo maana kanuni ilisema kwamba fundi wa nira amshike mtoaji kila siku, kwa kiganja chake mwenyewe, na msuli ukipinga, nira ivuliwe palepale.

Aliitekeleza kanuni hiyo kwa wengine bila kupepesa macho. Alimvua kijana mmoja wa Kiwira aliyekuwa akipumua kwa kifua cha baba yake, na mama wa kijana akamshika miguu. Atuganile alimwambia mama yule maneno ya busara sana. Alimwambia kwamba hatuwezi kumla mtu mmoja ili kumlisha mwingine. Kijana hakufika jioni, na Atuganile alikwenda nyumbani akala, akalala, akijua ametenda haki.

Sasa, msomi huyu, mwandishi wa kanuni, hakuwahi hata siku moja kumshika baba mkwe wake. Angemshikaje? Kwao mkamwana hapiti mbele ya baba mkwe. Njiani akimwona anakuja, anaingia kwenye migomba na kujifunika khanga mpaka mzee apite. Jina lake halitamki. Chakula anapika yeye, anapeleka mwingine. Walipomhamishia mzee chumba kimoja na mwanawe, pazia la kitenge lilitundikwa kabla hata vitanda havijaingizwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Atuganile alimfundisha Subilaga namna ya kushika, mahali pa kuweka dole gumba, tofauti ya msuli unaoachia na unaopinga, akaridhika. Kiganja ni kiganja, alijiambia. Alikuwa amesoma mpaka akamaliza madarasa yote yaliyokuwepo, na bado hilo aliliona kuwa jambo la adabu tu.

Akazima kioo, akawasha tena. Mstari ulikuwa safi.

Mvua ikapungua kidogo, na katika utulivu ule akamsikia Subilaga nyuma ya pazia akisema kwa kunong'ona:

"Fungua kinywa, baba. Kimebaki kijiko kimoja."

Atuganile alisimama na kitambaa cha spiriti mkononi. Mazoezi ya Ambakisye yalikuwa yameshakwisha. Hakuna mkono uliokuwa umeazimwa saa ile. Mzee aliyekuwa akilima migomba yake mwenyewe hadi alipovikwa nira, mzee ambaye hakutaka hata kumwagiwa maji ya kunawa, alikuwa akilishwa uji kwa kijiko.

Alimtazama mumewe. Ambakisye alikuwa amefumba macho, amechoka na kikombe chake, kifua kikipanda na kushuka sawasawa na kile cha upande wa pili.

* * *

Alijifunika khanga kichwani, akapiga magoti, akaingia chini ya pazia kwa kutambaa, uso chini, kama anavyopaswa kuwa mkamwana aliyekosa pa kukimbilia. Subilaga alipomwona, kijiko kilimdondoka.

"Wifi! Unafanya nini? Toka!"

Atuganile hakujibu. Aliona miguu ya mzee, imenyooka mbele kama miguu ya kiti, na blanketi juu ya magoti. Aliona mkono mezani. Akaunyosha mkono wake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akamgusa baba mkwe wake.

Nyuma ya mkono msuli ulikuwa umekaza kama mpini wa jembe. Akajaribu kukunja kiwiko. Hakikukunjika. Alipapasa bega, nalo lilikuwa limekauka. Aliteremsha kiganja hadi ubavuni, chini ya kwapa, akasikiliza mbavu zikifunguka. Zilifunguka, lakini kwa taabu, zikisita katikati.

Aibu na hofu vilimshika kwa pamoja hata asijue kipi ni kipi. Akarudisha mkono wake chini ya khanga.

"Tangu lini?" aliuliza, akiangalia sakafu.

Subilaga alianza kulia. "Wifi, nisamehe. Alianza vidole. Nikataka kukuambia, baba akaniambia nikisema hanitambui tena kuwa mwanawe. Ningefanya nini? Huyu baba, yule kaka. Nikawa nasema inalegea. Kila siku nasema inalegea, nikitoka nje natapika."

Mzee akakohoa. Sauti yake ilikuwa bado nzito na ya kujiamini, sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa na wengine.

"Subilaga, mwambie mkamwana asimgombeze mtu. Niliamuru mimi."

Atuganile alikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwake. Hata hivyo alijibu kwa njia hiyohiyo, kwa sababu hakujua njia nyingine. "Wifi, mwambie baba kwamba ugumu uko begani. Mbavu zimeanza. Nikimvua leo ataishi. Hatalima tena, lakini ataishi, na Tusekile atamwona."

"Mwambie mkamwana ninazijua mbavu zangu. Na mwanangu naye nikivuliwa?"

Atuganile akaivuta khanga mbele ya uso.

"Mwambie anijibu. Yeye ndiye fundi."

"Hatafika jioni," Atuganile alisema, na maneno yale, ambayo aliwahi kuyasema kwa mama wa watu kwa sauti isiyotetemeka, yalimtoka sasa kama anayetapika mawe.

"Basi tumeshamaliza mazungumzo," alisema mzee. "Mimi nimekula chumvi. Nimezika mke, nimezika ndugu, nimevuna kahawa mpaka kahawa imenichoka. Siwezi kukaa hapa na mbavu zangu nzima nikisikiliza mwanangu anakatika pumzi nyuma ya kitambaa. Acha kama ilivyo."

"Mwambie baba kwamba haiwezi kuwa kama ilivyo. Kifua chake kikifunga, cha Ambakisye kinafunga papo hapo. Tutawapoteza wote wawili."

"Lini?"

Hakujua. Hakuna aliyejua. Huenda zilikuwa wiki, huenda siku. Alimwambia Subilaga amwambie baba kwamba hajui.

Ndipo Subilaga alipojifuta machozi kwa kiganja na kuvuta pumzi. Akafungua kifungo cha juu cha gauni lake.

"Mimi ni damu moja nao," alisema. "Nivike mimi. Baba apumzike."

"Hapana," mzee alinguruma.

"Baba, usiseme hapana. Nina nguvu."

"Una watoto! Funga hilo gauni."

Atuganile aliinua macho bila kutaka, na yakaenda moja kwa moja kwenye shingo ya wifi yake. Ilikuwa shingo nene, ya mwanamke anayebeba mikungu ya ndizi kutoka Masoko. Akajikuta anapima. Kola ingemkaa vizuri, amri ingewahi kufika, na kifua kipana vile kingemchukua Ambakisye miaka kadhaa. Na baada ya Subilaga? Wa damu ya karibu aliyebaki alikuwa Tusekile, mtoto wao, aliyefichwa kule Kandete kwa bibi yake mzaa mama ili homa isimkute. Akili yake ilifika hadi kwa Tusekile, ikampima naye shingo, kabla hajaweza kuizuia. Aliuma mdomo mpaka akasikia chumvi ya damu. Aliogopa homa, aliogopa kifo, lakini hakuwahi kujiogopa yeye mwenyewe namna ile.

Na hapo, nyuma ya pazia, sauti ikatoka.

"Mama Tusekile."

Ambakisye hakuwa amelala. Bila shaka hakuwa amelala. Ni nani angelala, na kati yao palikuwa na kitenge tu? Alikuwa amesikia kila neno.

"Mama Tusekile, njoo huku. Uliniapia. Ni..."

"Mwaka ule wa maporomoko," mzee alisema ghafla, kwa sauti kubwa, "Subilaga, ulikuwa hujazaliwa, mlima ulishuka na shamba la Mwasomola lote likaishia mtoni, na asubuhi tukamkuta ng'ombe wake amesimama juu ya bati la kanisa..."

Upande wa pili meno yaligongana. Sauti ya Ambakisye ikakatika, ikabaki mguno uliobanwa kooni.

Subilaga alimtazama baba yake kwa mshangao, akidhani ugonjwa umempanda kichwani. Atuganile hakushangaa. Alielewa mara moja. Mzee alikuwa ameichukua taya. Aliujua mtambo kuliko alivyomdhania. Alijua kwamba maadamu anasema, mwanawe hawezi kusema, na alijua neno ambalo mwanawe alitaka kusema. Kwa hiyo aliendelea kusema. Alisema habari za ng'ombe, akasema habari za mchungaji aliyepanda ngazi na fimbo kwenda kumshusha, akasema namna watu walivyocheka katikati ya msiba. Hakuchagua maneno. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye mashavu na mikono yake miwili migumu haikuweza kulifuta, na bado hakusimama.

"Baba, pumzika," Subilaga alimsihi. "Baba, kaka anataka kusema."

Mzee alitikisa kichwa, kiasi ambacho shingo ilimruhusu, akaendelea.

Atuganile alikuwa na mambo mawili ya kufanya, na yote mawili yalikuwa mepesi. Angeweza kupita chini ya pazia, akafungua kifungo nyuma ya shingo ya mumewe, kama alivyoapa na kama alivyoandika. Au angeweza kumwomba mzee anyamaze kidogo tu, ili mwenye uhai wake auseme anavyoutaka. Hata mgonjwa wa Kiwira aliulizwa. Hata yeye alipewa nafasi ya kusema neno la mwisho kwa mama yake.

Alijiambia kwamba kuna muda. Alijiambia kwamba kesho ataangalia mbavu tena, kwamba labda kola ikipunguzwa nguvu ugumu utakwenda polepole, kwamba mambo mengine huamuliwa vizuri zaidi mvua ikiisha. Alizijua hizo kuwa porojo. Alikuwa amezisikia kutoka vinywani mwa wake na mama wengi, na alikuwa akizikata kwa upole na ustadi mkubwa.

Mzee alianza kuishiwa. Hadithi ya ng'ombe ilikuwa imekwisha, na alikuwa akiirudia kutoka katikati. Mbavu zilisita, zikafunguka, zikasita. Alitaka kuanza neno, pumzi ikamgomea, akabaki mdomo wazi.

Katika pengo hilo dogo sauti ya Ambakisye ilipenya haraka, bila hasira, ikiomba.

"Nivue, mke wangu. Nimekubali. Niv..."

Atuganile alijivuta mbele. Aliishusha khanga kutoka kichwani, akainua uso, akamtazama baba mkwe wake machoni. Macho ya mzee yalikuwa mekundu, yamejaa maji, nayo yakamtazama bila aibu yoyote. Safari hii Atuganile hakumtuma Subilaga.

"Baba," alimwambia, "lile shamba la bondeni, migomba yake uliitoa wapi?"

Mzee alimeza mate. Kitu kama shukrani kilimpita usoni.

"Ile?" alisema, akikusanya pumzi. "Ile niliitoa Ikuti, kwa mjomba wangu. Tulikwenda kwa miguu..."

Meno yakagongana tena upande wa pili. Mguno ukaanza, mrefu, ukipanda na kushuka kama wa mtu anayeita kutoka ndani ya kisima. Subilaga alijiziba masikio. Atuganile alikaa chini mahali pale ambapo mkamwana hakai, mgongo ameuelekeza kwenye pazia ili asije akaona chochote pembezoni mwake, akashika mkono mgumu wa mzee akiupapasa, akiitikia kwa kichwa kila jina la mlima na kila jina la mto, na mzee alipokaribia kufika Ikuti alikuwa ameshaandaa swali lingine.